Sababu Tano za Kukitaka Kisiwa cha Rafiki

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Katibu Mkuu kaniita ofisini kwake na kufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe. Mkubwa wa nchi anakitaka kisiwa. Kisiwa gani? Kile cha rafiki zetu wa ng'ambo ya mlango wa bahari, nchi ndogo, washirika wetu tangu enzi za babu zetu. Nikauliza tunakitakia nini. Katibu Mkuu akanitazama kana kwamba nimemuuliza umri wa mkewe. Akasema uamuzi umeshapita, kilichobaki ni sababu, na sababu ni kazi ya kitengo changu. Anazitaka tano, Jumatatu ijayo.

Kitengo changu ni mimi, Mama Faili wa masjala, na Takwimu. Takwimu ni yule bwana wa meza ya ukutani anayetembea na kikokotoo kwenye mfuko wa shati. Tuliajiriwa siku moja. Mimi nikapewa meza ya dirishani. Hajanisamehe mpaka leo.

Halafu likaja la heri. Katibu Mkuu akadokeza kwamba kisiwa kikipatikana kitahitaji gavana, mtu anayekifahamu. Sasa nani anakifahamu kunizidi mimi? Binti yangu anaolewa hukohuko, Jumamosi ya tarehe 15! Mchumba wake ni daktari wa mifugo, mzaliwa wa palepale. Gavana na baba wa bibi harusi, mwezi mmoja! Nilitoka mle ndani nikitembea polepole, nikijizoeza.

Jumanne, 4 Machi

Sababu ya kwanza: usalama. Kurasa sita. Adui akipita pale tumekwisha! Lazima askari wetu wawepo! Nikawasomea wenzangu kwa sauti. Mama Faili akasikiliza mpaka nukta ya mwisho, akaenda masjala, akarudi na jalada jembamba la mkataba. Askari wetu wapo pale bandarini mwaka wa thelathini sasa. Wenyeji waliwapa na uwanja wa mpira.

Nikasema basi, tutaandika madini. Akafunua ukurasa wa pili. Madini tumeruhusiwa kuchimba siku nyingi, ni sisi tu hatujaenda. Uvuvi je? Ukurasa wa tatu. Raia wetu kuingia na kutoka bila viza? Ukurasa wa nne. Kisha akaniuliza, kwa sauti ile anayotumia kuuliza wajukuu zake kama wamenawa mikono, ni kitu gani hasa tunachokitaka pale ambacho hatuna. Nikamjibu kwamba haelewi siasa za dunia. Akakubali kwamba ni kweli, haelewi, akaenda kunywa chai yake.

Ananikera mama huyu. Angekuwa anapiga kelele ningejua pa kumshika.

Jumatano, 5 Machi

Takwimu kanipiga chenga! Kapeleka juu jedwali la rangi linaloonyesha kwamba tukikipata kisiwa, nchi itaongezeka ukubwa kwa asilimia nne. Itatusaidia nini? Hakusema. Katibu Mkuu kampigapiga begani. Kumbe naye anaunyemelea ugavana, mnafiki mkubwa! Kuogelea kwenyewe hajui.

Nikaona bora nimwendee Katibu Mkuu, nimuulize waziwazi Mkubwa mwenyewe alitoa sababu gani. Akatazama mlango, akashusha sauti. Mwaka jana Mkubwa alikwenda kule kwa ziara ya kirafiki. Kila alipogeuka, karibu Mheshimiwa. Kwenye gari, karibu. Mezani, karibu, jisikie uko nyumbani. Kwenye ndege ya kurudi hakugusa chakula. Alisema karibu ni neno la mwenye nyumba. Yaani yeye, na ndege zake za kivita na meli zake zote, bado kuna mlango duniani ambao mtu mwingine ndiye anayemwambia apite. Hajalala vizuri tangu siku hiyo.

Nikauliza kama hiyo niiweke ya kwanza au ya tano. Katibu Mkuu akaniambia nitoke.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata! Mimi bwana si wa mchezo!

Mkataba ule unahuishwa kila baada ya miaka kumi, kwa barua ya ukurasa mmoja. Sahihi yetu isipowafikia kabla ya saa kumi alasiri, Jumatatu tarehe 10, mkataba umekufa. Na barua yenyewe imetua leo mezani kwangu, inasubiri niipeleke juu. Nikafikiri. Kila sababu yangu inauawa na mkataba. Sasa mkataba usipokuwepo? Hatutakuwa na askari pale! Hatutakuwa na madini! Tutakuwa na shida ya kweli kabisa, na sababu zangu zote zitasimama kwa miguu yake. Barua nimeiweka chini ya mto wa kiti changu, nikaikalia.

Mama Faili kauliza barua iko wapi. Nikasema iko juu. Akanitazama usoni, kisha akatazama kiti. Nadhani nilikuwa nimekaa wima mno.

Jumamosi, 8 Machi

Nyumbani hakukaliki. Masanduku mpaka jikoni. Mke wangu na binti wanaondoka kesho kwa boti kwenda kuandaa harusi, na mke wangu anataka tuongozane. Nikamweleza kwamba taifa linanihitaji mpaka Ijumaa. Akasema hata siku mtoto huyu anazaliwa taifa lilikuwa linanihitaji, na ripoti niliyokuwa naiandika haikusomwa na mtu. Ana kumbukumbu mbaya sana, mke wangu. Hasahau.

Binti mwenyewe hakulalamika. Aliniomba jambo moja tu: nisimame pembeni yake siku hiyo, basi. Nikamwahidi. Akanikumbatia, na mimi roho ikalainika kabisa. Nampenda mtoto huyu kuliko kitu chochote.

Mchumba naye akapiga simu. Kijana ana adabu, ananiita baba. Baba yake mzazi amenipakia rangi chumba cha wageni, na yeye mwenyewe amenitafutia kitanda kirefu kwa sababu ya magoti yangu. Nikamshukuru, nikamuuliza jengo kubwa kuliko yote kisiwani ni lipi. Akasema ni zahanati yake ya mifugo. Nikauliza kama ina ghorofa na mahali pa kupandisha bendera. Akasema kuna mti wa kufungia ng'ombe. Sawa. Ng'ombe watahamishwa.

Jumatatu, 10 Machi

Ushindi! Nimewasilisha sababu tano, kurasa arobaini. Katibu Mkuu ameziweka juu ya jedwali la Takwimu, nami nimeona kwa macho yangu. Mama Faili kanifuata mara tatu kuhusu ile barua. Mara ya tatu nikamfokea kwamba iko juu, iko juu! Akasema amesikia.

Saa kumi kamili nikatazama saa ya ukutani. Hakuna kilicholia, hakuna kilichoanguka. Nikabaki kitini mpaka kumi na moja, kwa tahadhari.

Jumatano, 12 Machi

Mambo yameharibika.

Wale rafiki zetu hawakugomba. Laiti wangegomba! Walituletea barua fupi ya kutushukuru kwa miaka thelathini ya ujirani mwema, wakasema wameelewa ukimya wetu kuwa ni kuaga. Asubuhi hii askari wetu wameteremka melini, bandarini kwetu, na vitanda vyao. Kule kisiwani wenyeji waliwasaidia kubeba mizigo, wakawafungia na mikate ya njiani. Mkubwa akawaona kwenye televisheni, akauliza nani kawaambia warudi. Kufika saa sita alikuwa hajawahi kukitaka kisiwa maishani mwake. Saa nane msemaji wa serikali akatangaza kwamba fikra hiyo imezushwa na wasiotutakia mema.

Nani kaipata barua? Takwimu! Katuletea Katibu Mkuu chumbani kwetu, kaomba ninyanyuke kidogo, kainua mto. Nikajitetea kwamba hata mimi nashangaa. Katibu Mkuu akaishika barua kwa ncha za vidole, bado ina joto.

Nimehamishiwa masjala, chini ya Mama Faili. Takwimu amepewa kazi ya kwenda kuwabembeleza waturudishie mkataba, na juu yake meza yangu ya dirishani. Mama Faili hakunisimanga. Alinionyesha tu pa kutundika koti. Afadhali angenisimanga.

Nikajikaza. Angalau harusi ipo. Nikapiga simu kwa wauza tiketi ili nithibitishe boti ya Ijumaa. Yule dada akaniuliza kama nina viza. Viza ya nini? Ya kisiwani. Inatakiwa tangu Jumatatu, saa kumi alasiri.

Nilikaa chini, palepale sakafuni, katikati ya majalada.

Ijumaa, 14 Machi

Ubalozini kwao tangu asubuhi na mapema. Foleni imezunguka ukuta. Mbele yangu bibi mmoja anakwenda kumuuguza dada yake, amekuwa akivuka bila kuulizwa kitu tangu usichana wake. Anamlaani mtu aliyesababisha haya, yeye na kizazi chake. Nikasema amina. Ningefanyaje?

Fomu ina mstari mmoja tu wa sababu ya safari. Mmoja! Nikaomba karatasi za ziada, nikajaza nne. Afisa wa dirishani, msichana mpole, akazisoma zote, akaniambia hongera kwa harusi ya binti. Kisha akasema viza inachukua siku kumi za kazi. Nikamwambia harusi ni kesho. Akasema anasikitika, na uso wake ulionyesha anasikitika kweli. Nikamwambia mimi ni mtu mkubwa wizarani. Akauliza kitengo gani. Nikamtajia. Akaacha kusikitika.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeiona harusi kwa simu ya mke wangu. Picha inaganda, inafufuka. Binti yangu kapendeza mno! Pembeni yake, mahali pangu, kasimama baba wa bwana harusi, mzee mfupi mwenye rangi ya chumba changu bado kwenye kucha. Alimshika mkono kama wake wa kumzaa. Mke wangu akamsogezea binti simu anisalimie. Akatazama kwanza chini, kisha akasema, asante baba, halafu akaenda kupiga picha na wengine. Nimelia. Nimelia kweli, sebuleni, peke yangu, na suti mwilini.

Baadaye mke wangu akarudi kwenye simu. Alisema kule watu wote wanazungumza habari ya barua iliyokaliwa na ofisa mmoja. Akaniuliza, taratibu, kama namfahamu ofisa huyo. Nikasema mtandao unakatika. Akasema yeye ananisikia vizuri sana, na kwamba hana haraka ya kurudi.

Nimekaa, nimewaza, na sasa naona wazi kosa liko wapi. Baba mzazi anazuiwa kumwozesha mwanawe wa pekee! Na nani? Na watu wanaojiita marafiki! Je, kisiwa kingekuwa chetu, ningeombwa viza? Nisingeombwa. Hii sasa ndiyo sababu, sababu yenye machozi ndani yake, si asilimia nne za Takwimu. Nimeshaandika kurasa nane. Jumatatu, kabla Mama Faili hajafika kazini, naipeleka juu mwenyewe.