Sabuni Yetu, Shati Langu na Bizari ya Perpetua

Leo nimeumbuka. Nimeumbuka mchana kweupe, mbele ya wazazi wa Rudewa, Tindiga na Mabwerebwere. Nawaandikieni upesi, ndugu zangu walimu mlioko Mikumi, kabla habari haijawafikia kwa basi, maana njiani itaongezwa chumvi.

Mnajua kiherehere changu cha kemia. Tangu muhula uanze nawaimbia Kidato cha Tatu: "Kemia haiko chupani, iko jikoni kwa mama zenu!" (Mimi mwenyewe sipiki. Nguo zangu anafua dobi.) Nikaagiza kila mmoja alete kitu cha nyumbani tukipime kama ni asidi au besi. Wakaja na ndimu, ukwaju, magadi, majivu. Perpetua, binti mpole wa dawati la nyuma kabisa, akaja na bizari ya manjano kwenye karatasi.

"Mwalimu, hii nayo ina mambo yake."

"Perpetua, hapa hatupiki pilau. Kaa chini."

Akakaa. Pakumbukeni hapo.

Basi wiki iliyopita kamati ya shule ikaleta hoja: maabara igeuzwe ghala. Mwaka jana mahindi ya shamba la ujamaa yalinyeshewa, na chumba chetu ndicho chenye bati zima. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Lukasi, hana ubaya na mtu. Aliniuliza tu, "Mwalimu, hiyo kemia inaliwa?" Nikaomba nafasi kwenye mkutano wa wazazi wa leo niwaonyeshe faida yake. Maabara ikienda, vijana wangu watafanya mtihani bila kuwahi kushika hata chupa. Usingizi ulinipaa wiki nzima.

Silaha yangu ilikuwa sabuni. Wanafunzi waliipika wenyewe kwa maji ya majivu na mafuta ya ng'ombe tuliyopewa na wafugaji. Ina rangi ya udongo, na harufu yake tuiache. Mpango: wageni wakishakula, nijimwagie mchuzi kifuani makusudi, kisha nifue mbele yao. (Shati jeupe ninalo hilo moja. Ndilo la kanisani, la harusi na la misiba.)

"Shikamooni wazazi!"

"Marahaba mwalimu!"

Nikachota mchuzi wa samaki, wa manjano hasa, nikajimwagia. Mama mmoja akasikitika, "Masikini, kajichafua!"

"Msijali! Hakuna doa linaloishinda sabuni ya watoto wenu!"

Nikalowesha. Nikasugua.

Doa likawa jekundu.

Jekundu, jamani! Nikasugua zaidi. Likazidi wekundu, likatambaa mpaka tumboni.

"Mwalimu anatoka damu!" Kina mama wakasimama. Mmoja akavuta mtoto wake mbali na ndoo. "Sabuni inakula nyama hiyo!"

Mzee Lukasi akauliza polepole, "Hii ndiyo mnayowapa watoto wetu waogee?"

Mimi mwenyewe nikaingiwa na hofu, nikavua shati nijikague kama nimechubuka. Ngozi nzima kabisa. Ila wazazi wote sasa wakaiona fulana yangu ya ndani, na matundu yake. Nilitamani ardhi ipasuke.

Hapo Perpetua akasimama. "Mwalimu, naomba shati."

Akalitandaza mezani, akalikamulia ndimu. Wekundu ukakimbia, manjano ikarudi. Akapitisha sabuni: jekundu. Ndimu: manjano.

"Wazazi, si damu, ni bizari," akasema. "Ikikutana na sabuni au magadi inakuwa nyekundu. Ukiitia ndimu au ukwaju inarudi. Nyumbani mimi ndiye ninayefua, nimeiona siku nyingi. Mtu anaweza kupimia asidi na besi bila zile karatasi za kuagiza." Kisha akanigeukia, sauti ya chini. "Ndicho nilichotaka kukuonyesha siku ile, mwalimu."

"Rudia!" wazazi wakapiga kelele. Akarudia. Mkulima mmoja wa Tindiga akanyoosha mkono: kuna kipande cha shamba lake kina ukoko mweupe, mpunga unakufa hapo kila mwaka. Je, udongo huo unapimika?

"Tuleteeni Jumatatu, baba. Tutaukoroga na maji tujaribu."

Mzee Lukasi akasimama, akasema, "Ghala tutajenga lingine kwa nguvu zetu. Maabara ibaki." Wanafunzi wangu wakarukaruka, nami machozi yakanilenga, sifichi. Akaendelea, "Na mwalimu naye abaki. Bado anajifunza."

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Nami nikacheka, na fulana yangu ya matundu.

Mkutano ulipokwisha nikamfuata Perpetua kumwomba radhi, na kumuuliza doa lenyewe linatokaje.

"Lianike juani tu, mwalimu, litapauka lenyewe. Dobi wako hakukwambia?"

Sasa shati liko kwenye kamba, nami nimekaa nalichunga. Jumatatu Perpetua atashika chaki, mimi nitakaa dawati la nyuma kabisa. Na nyinyi huko Mikumi, kabla hamjacheka, jibuni kwanza: nguo zenu anafua nani?