Kilo za Kahambu

Jumatatu, 12 Februari 2001

Wiki ya pili ya ndoa. Kahambu kanipikia pondu, majani ya muhogo, na samaki. Hata miiba ilikuwa mitamu.

Jumamosi ndege ya mizigo inakwenda Butembo, kwa wazazi wa Kahambu. Chef Augustin, mkuu wetu wa mizigo, ametoa nafasi mbili. Moja ya Kahambu. Ya pili naitaka mimi. Anaitaka pia tantine Georgette, shangazi wa Kahambu, ambaye tangu harusi analala nyuma ya pazia letu na hukohoa kila nikimsifu mke wangu. Chef ameamua: aliye mwepesi kati yetu ndiye atakayepanda.

Lakini mizani ya mizigo haisomeki. Kioo kilivunjwa na risasi. Sasa kila uzito unafika kwenye kompyuta kama namba nne, na hakuna ajuaye kuziunganisha. Nimejitolea. JavaScript, lugha ya kompyuta, nilijifunza katika kitabu kisicho na jalada.

Jumatano, 14 Februari

Programu tayari! Namba nne zinakuwa moja yenye nukta. Ipi itangulie? Rahisi. Harusini kwetu wakubwa waliingia mbele, watoto nyuma. Basi namba ya kwanza nimeipa kiti cha mkubwa. Télesphore wa bohari, aliyewahi kumposa Kahambu, kauliza kama mizani nayo ilialikwa harusini. Wivu.

Kahambu kapanda. Ikatokea sifuri, nukta, msururu mrefu wa sifuri, kisha nne moja mwishoni kabisa. Nikalia. Mke wangu hana uzito. Nilijua siku nyingi.

Alhamisi, 15 Februari

Tantine kapanda. Namba ikajaza mstari mzima. Nikafungua kitabu cha jiografia: amezidi uzito wa mwezi, tena wa miezi mitatu. Nikamweleza kwa heshima. Akajibu kwamba mwezi haujawahi kunipikia. Nimekula fufu kavu, bila mboga.

Mimi nimetoka chini ya sifuri, kilo zaidi ya milioni mia nne. Chef kauliza maana yake. Nikasema, nikipanda, ndege inapungua uzito, mafuta yanabaki. Akasema bon, sawa, basi nifungwe kwenye bawa. Jibu hilo nimelichukua kama ndiyo.

Ijumaa, 16 Februari

Télesphore kageuza mpangilio. Eti mizani hii hutanguliza mdogo, kama mama anayepakulia watoto kwanza. Tantine kilo themanini na moja na kitu. Mimi sitini na moja na kitu. Chef kanipa mkono: nafasi ni yangu.

Kisha akasoma uzito wa Kahambu: sitini na mbili.

Nikakataa. Mbele ya watu wote nikasema mke wangu hana kilo hata moja, na anayedai anazo ajibu kwangu. Kahambu kanifinya, akanong'ona: papa, mume wangu, nyamaza, tupande. Sikunyamaza. Mapenzi hayanyamazi. Chef akasema asiyekubali kilo hapandi ndege yake. Tantine kakubali zake palepale.

Jumamosi, 17 Februari

Wameondoka. Kahambu alipunga mkono dirishani. Tantine alikohoa, niliona mdomo.

Nimerudisha programu yangu, mkubwa mbele. Nikapanda mizani. Chini ya sifuri, mamilioni. Bila Kahambu, ndivyo nilivyo kweli.

Tena magunia yote ya mchele yanatoka sifuri. Nimemweleza rubani wa Jumatatu: apakie bohari nzima, na mimi juu yake.