Kamioneti Yenye Homa ya Manjano

Abdias wa Beni hakuwa mwizi, tusimwonee. Mwizi huruka ua. Abdias aliingia mlangoni saa nne asubuhi, akapewa kiti na chai, na alipoondoka mwenye nyumba alimsindikiza mpaka barabarani huku akimshukuru. Huo ni ufundi, na mafundi wa namna hiyo vita havikuwapunguza.

Mwaka ule wa elfu mbili, magari mapya ya Butembo yalikuwa yamefichwa ng'ambo ya mpaka au yamechukuliwa na askari. Yaliyobaki yalikuwa ya zamani, na yote yaliumwa ugonjwa mmoja: ile plastiki inayofunika mishale ya mafuta na mwendo mbele ya dereva ilikuwa imegeuka njano na kujaa mikwaruzo, hata dereva asijue kama anakwenda kilomita ishirini au themanini. Ingawa kwa barabara zetu swali hilo lilikuwa na jibu moja tu.

Dawa yake Abdias aliigundua siku alipodondosha dentifrice, ile dawa ya kusugulia meno, kwenye saa yake ya mkono. Alipofuta, uso wa saa ukang'aa. Mtu mwingine angeifurahia saa. Abdias aliketi kitandani akayafikiria magari ya mji mzima. Baada ya wiki moja alikuwa na kopo lisilo na karatasi, lililojaa dentifrice, alilolitambulisha kwa wateja kama "produit ya Dubai", pamoja na kitambaa laini kilichokuwa zamani suruali ya marehemu baba yake. Wateja walimwita Docteur.

Kwa haki, kazi yenyewe aliijua. Alifungua skrubu mbili, akaitoa plastiki, akaisugua kwanza kwa msasa laini uliolowa maji, kisha kwa dentifrice, akizungusha kidole taratibu bila kukandamiza, maana plastiki ikipata joto hujikunja. Mwisho akaifuta kwa suruali ya marehemu. Malipo yake yalikuwa mbuzi. Noti za wakati ule zilipungua thamani zikiwa mfukoni; mbuzi alibaki mbuzi.

Tena kulikuwa na Séphora, binti Jéthro, kule Beni. Abdias alimpenda kweli, na hapo tu ndipo hakuwa na uongo. Séphora alicheka kila alipomdanganya, na hakumwamini hata mara moja, jambo lililomfanya ampende zaidi. Sasa askari walikuwa wameanza kumsalimia Séphora kisimani, na Jéthro akaogopa. Akatangaza kwamba Jumapili ile, wa kwanza kufika na mbuzi kumi na wawili, au na kitu kinachowazidi, atapewa mke siku hiyohiyo.

Alhamisi Abdias alikuwa na mbuzi kumi na wawili kamili. Shida ilikuwa njia. Kati ya Butembo na Beni kulikuwa na vizuizi saba vya askari, na kila kizuizi kilikula mbuzi mmoja. Mkwe gani atampa binti yake mtu mwenye mbuzi watano na maelezo? Abdias alikuwa akilitafakari hilo katika mtaa wa Mususa alipoona, nyuma ya ua wa mjane mmoja, kamioneti ya buluu. Kamioneti haichinjwi kizuizini, askari akiidai Abdias alikuwa na ulimi, na Jéthro alikuwa ameota gari maisha yake yote.

"Hodi, mama," alisema.

"Karibu. Uko nani?" aliuliza mjane. Jina lake Mama Kavuo, na aliishi kwa kuuza maharagwe.

"Docteur Abdias. Mi napita tu. Mais mbele ya mugonjwa mi hapana weza kunyamaza, Mungu atanihukumu."

"Hapa hakuna mugonjwa. Mathe, uko mugonjwa?"

Mathe, mwanawe wa miaka ishirini na sita, aliyekuwa akipasua kuni, alijichunguza kidogo kisha akasema hapana. Alikuwa kijana wa maneno machache, aliyepeleka maharagwe ya mama yake Beni kila wiki.

"Mugonjwa ni ile," alisema Abdias, akafungua mlango wa kamioneti. "Tazama macho yake. Njano. Mutu akikuwa na macho njano, ni nini inaoza ndani yake?"

"Maini."

"Donc na gari ni vile. Moteur, ile injini, njo maini yake. Ikishaoza, njano inapanda mpaka kwa tableau, hapa mbele ya dereva."

Mama Kavuo aliitazama kamioneti, halafu Abdias, halafu kamioneti tena. "Maini imeoza," alirudia polepole. "Na weye umeona bila kufungua."

"Kufungua ni ya bale bangali banasoma, mama."

Mama Kavuo akavuta kigoda akakaa. "Inaambukizaka?"

"Sana. Inaweza kushika hata vélo," alisema, akionyesha baiskeli ya Mathe.

"Yesu. Sasa nitafanya nini?"

"Kwa huruma tu, naweza kukuondolea. Nakupa mbuzi munane."

"Mbuzi munane, juu ya mugonjwa wa kufa?"

"Mi ni mukristo."

"Mukatoliki ama Muprotestanti?"

"Ya upande ule weye uko, mama," alijibu Abdias bila kupepesa.

Mama Kavuo alimletea chai. Akataka kujua mtu ananunua mgonjwa kwa nini, na hapo ulimi wa Abdias, uliomlisha tangu utoto, ukamsaliti. Alieleza yote: Jumapili, mbuzi kumi na wawili, vizuizi saba, na Séphora mwenyewe kuanzia unyayo mpaka utosi.

"Ni Jéthro yupi? Ule wa nyumba ya mabati karibu na kisima?"

"Njo yeye."

Shoka la Mathe lilinyamaza. Mama Kavuo akamwambia aendelee na kuni, kisha akamgeukia mgeni. "Docteur, tengeneza kwanza macho yake, nione kama dawa yako ni ya kweli. Kiisha tutasemezana."

Ijumaa asubuhi Abdias alifanya kazi nzuri kuliko zote za maisha yake. Alisugua kwa saa tatu. Mama Kavuo akaleta bateri iliyokuwa ikiendesha redio ya nyumbani, akaifunga chini ya kiti, akampa ufunguo. Taa ziliwaka. Mshale wa mafuta ukapanda mpaka juu kabisa. Kilomita zilisomeka: elfu arobaini na moja, umri wa mtoto kwa gari. Abdias, aliyeitangazia kamioneti ile kifo siku moja kabla, alitazama kupitia plastiki aliyoisafisha kwa mkono wake mwenyewe na moyo wake ukayeyuka.

"Kumbe imepona," alisema Mama Kavuo. "Mugonjwa ni mbuzi munane. Muzima ni mbuzi kumi na mbili."

Abdias alitamani sana kuona injini. Lakini boneti ilikuwa imefungwa kwa waya, na kama angeomba ifunguliwe angelazimika kumwonyesha mama maini yaliyooza. Mwerevu hajinyoi, na huyu alikuwa amekwisha kujipaka sabuni. Akauliza lile ambalo kila mtu wa Butembo wa siku zile angeuliza.

"Na delco?"

Delco ni kile kichwa kidogo kinachogawa moto kwenye injini. Wakati wa vita kila mwenye gari alikiondoa na kukificha, ili askari wakija wasukume, watukane, waondoke. Kwetu, mwenye delco ndiye mwenye gari.

"Iko kwa catéchiste. Mbuzi ikifika, delco inafika."

Hilo lilimtuliza. Mchana mbuzi walifika, catéchiste akaandika karatasi kwamba gari limeuzwa "jinsi lilivyo na jinsi docteur alivyoliona", wakatia sahihi wote. Mama Kavuo akamkabidhi delco katika kitambaa, pamoja na koleo la kukatia waya. Abdias akakata, akainua boneti. Ndani, pale ilipostahili kukaa injini, kulikuwa na mawe mawili makubwa ya kusagia, yaliyowekwa ili pua ya gari isiinuke.

Alichungulia chini ya mawe kwa muda ambao catéchiste baadaye aliukadiria kuwa rozari nusu.

"Mama, moteur iko wapi?"

"Kasugho, kwa ndugu yangu. Tangu basoda, bale baaskari, baanze kuchukua gari. Inasaga mihogo kule, muzuri sana."

"Mais delco hii?"

"Ni ya zamani, ilishakufa. Uliomba delco, nikakupa delco."

"Na mafuta? Mushale iko juu."

"Ni maji. Basoda banapendaka kunyonya mafuta, nikaona banywe."

"Mama, hii hapana haki."

"Docteur, weye njo ulisema maini imeoza," alisema Mama Kavuo kwa upole. "Nikajiuliza, huyu mutu anaona maini pahali haiko, kweli Mungu alimupa macho. Nikafikiri unapenda tableau tu. Wasingya, aksanti."

Mtu mwingine angelia. Abdias alilia kidogo, kisha akakumbuka kwamba Butembo iko juu na Beni iko chini. Jéthro alitaka kitu kinachozidi mbuzi kumi na wawili, hakusema kingurume.

Jumamosi alfajiri alianza safari. Kwenye mteremko kamioneti ilikwenda yenyewe, na kwenye mlima Abdias alihubiri. Aliwaambia wapita njia kwamba atakayesukuma kupanda atapanda bure kushuka, na watu, ambao hawakuwa wamepanda gari bure tangu vita vianze, walisukuma kwa moyo wote. Kwenye kizuizi cha kwanza askari alidai gari. Akafungua boneti, akayatazama mawe, akaifunga taratibu kama mtu aliyeingia chumba cha msiba.

"Mawa," alisema kwa Lingala yake, yaani huzuni. "Leka, papa, leka." Akamruhusu apite, naye akasukuma.

Jumapili, kabla ya mchana, kamioneti iliteremka mlima wa Kabasha ikiwa na watu arobaini, na baadaye kidogo ikaingia uani kwa Jéthro bila sauti, taa za mbele ya dereva zikiwaka. Abdias alishuka akitabasamu. Halafu aliwaona mbuzi.

Walikuwa kumi na wawili, na aliwajua mmoja mmoja. Kando yao kulikuwa na akina mama kumi na wawili wa kwaya, wamechoka, miguu ina vumbi. Kundi la mbuzi kizuizini ni mali, lakini mama mmoja na mbuzi mmoja ni maskini tu anayekwenda sokoni, na hao, waliotoka Butembo Ijumaa ileile, walikuwa wamepita mmoja mmoja, kila mmoja na mbuzi wake, mpaka wote wakafika salama. Kwenye kiti cha heshima alikaa Mama Kavuo. Karibu naye Mathe, amevaa tai ya bwana arusi.

"Karibu, mutoto yangu," alisema Jéthro. "Umechelewa saa mbili."

Séphora alitoka ndani akiwa amevalishwa, akamsogelea Abdias, na safari hii hakucheka.

"Ijumaa ulikuwa na mbuzi kumi na mbili?" aliuliza.

"Nilikuwa nazo."

"Zile pale?"

"Zile pale."

"Ukazitoa juu ya nini?"

Abdias aliigeukia kamioneti, na Séphora naye akaitazama. Aliumia, Abdias, aliumia kweli, na hapakuwa na uongo wa kuufunika uchungu ule.

Kanisa lilikuwa juu ya kilima, na bibi arusi hapandi kilima kwa miguu wakati uani kuna gari. Jéthro alisema hivyo, wazee wakakubali, na Mama Kavuo akaeleza kwamba gari ni la docteur na ni yeye anayeujua usukani wake. Basi Mathe akaingia, Séphora akaketi katikati, Abdias akakaa kwenye kiti cha dereva. Watu wa harusi walijipanga nyuma.

Séphora aliinama akaitazama plastiki ile, angavu kama maji, na mishale yote nyuma yake.

"Umeisafisha muzuri," alisema kwa sauti ndogo.

"Njo kazi yangu," alisema Abdias, akaushika usukani kwa mikono miwili, maana watu walikuwa wameanza kusukuma.