Ombi la Kuondolewa kwa Binti Anayepima Oili

Kwako Bwana Meneja wa Karakana,

YAH: KUMHAMISHA MKAGUZI WA MASHINE, AMBAYE NI MWANANGU

Salamu nyingi, na pole kwa kazi ya kuongoza watu tusioongozeka. Mimi ni fundi wa kuchomelea, mashine namba mbili, ile ya injini ya petroli tunayoitumia umeme ukikatika au tukienda kufunga mageti mbali. Nimekuwa nayo miaka kumi na tisa. Tumezeeka pamoja, tunakohoa pamoja, na hatukuwahi kulalamikiana mpaka ulipomwajiri binti yangu, miezi mitatu iliyopita, awe mkaguzi wa usalama. Siku ile nilikushukuru kwa mikono miwili. Leo naomba unirudishie shukrani zangu.

Malalamiko ni haya:

1. Kila asubuhi ananiamkia vizuri kabisa, shikamoo baba, mbele ya mafundi wote. Naitikia marahaba. Hata sijamaliza kuitikia, ameshachomoa kijiti cha oili, amekifuta kwa kitambaa, amekirudisha, amekichomoa tena, na kutangaza kwamba oili imepungua na ni nyeusi kama lami. Bwana Meneja, oili nyeusi ndiyo iliyokomaa. Ile ya rangi ya asali haijaona kazi.

2. Amenikataza kuongeza petroli injini ikiwa inaunguruma. Eti nizime, nikae pembeni, ipoe kwanza. Nimeijazia ikiwa hai miaka yote hii, na hasara niliyopata ni nyusi tu, nazo zilishaota, ukiacha ya kushoto.

3. Tangi linavuja kidogo. Sisi wenye kazi tunaijua dawa yake: kipande cha sabuni ya mche, unakilainisha kwa kidole, unaziba, maisha yanaendelea. Binti alipoiona ile sabuni aliniuliza kwa upole kama nimewahi kutazama cheche zangu zinaangukia wapi. Nilimjibu kwamba cheche zangu zinanijua. Akaibandua. Nilimsubiri ageuke, nikabandika nyingine.

4. Moshi. Kwa ajili ya mvua, na kwa ajili ya majirani wasiopenda kelele, mashine tuliiweka chumba cha nyuma na kufunga mlango. Ikifika saa nane mchana mafundi wote tulikuwa tunasinzia kwa amani, vichwa vizito, hakuna ugomvi, hakuna siasa. Karakana gani nyingine ilikuwa na utulivu huo? Yeye anasema ndani ya moshi ule mna sumu isiyonuka, na kwamba siku moja tusingeamka kutoka usingizi ule. Ameisukuma mashine hadi nje, kwenye kibanda cha mabati kisicho na kuta, bomba la moshi limeelekezwa uwanjani. Sasa tuko macho mchana kutwa, na tumeanza kuulizia habari za likizo. Hilo ni tatizo lako zaidi kuliko langu.

5. Chujio la hewa amelikung'uta, likatoa vumbi la kujaza kofia. Injini ilishalizoea.

6. Nyaya zilizochunika amezikata. Tena ananilazimisha klampu ya ethi, ile ya waya wa kurudisha umeme kwenye mashine, niibane kwenye chuma kilekile ninachochomelea, badala ya kuining'iniza popote penye chuma. Nilishazoea kupigwa shoti kidogo asubuhi. Ilikuwa inaniamsha kuliko chai.

7. Hili ndilo kubwa. Mashine haifi tena. Zamani ilikuwa inazimika kila siku kabla ya saa sita, kazi zinasimama, na watu wanasema aitwe mzee. Naitwa mimi. Naweka sikio kwenye injini, nagonga mara mbili, navuta kamba, inaamka, na watu wanatikisa vichwa kwa mshangao. Tangu binti aanze kazi inawaka kwa mvuto mmoja, hata mama wa chai anaiwasha. Miezi mitatu sijaitwa. Nakuambia ukweli, inaniuma. Mtu ambaye ujuzi wake wote ni kufufua, asipoletewa maiti, abaki kuwa nani?

8. Sasa amehamia na nyumbani. Jana amekagua mpira wa jiko la gesi. Mama yake akampongeza, na tangu hapo wananitazama wawili.

Kwa hiyo naomba binti ahamishiwe ofisini apokee simu. Mashine namba mbili isamehewe ukaguzi kwa heshima ya umri wake. Na kila mashine ya karakana ipewe haki ya kufa walau mara mbili kwa wiki, siku za kazi.

Nisalimie wote hapo ofisini, pamoja na mlinzi wa getini, pamoja na majirani wa ile kelele.

Ni mimi, mwenye nyusi moja na nusu,
Fundi wa Mashine Namba Mbili

Nyongeza: Nilipoileta barua hii nimekuta tangazo lako ubaoni, kwamba kesho, kwa kuwa mwenzangu mwenye zamu hiyo yuko likizo, binti yangu ndiye atakayechomelea mageti ya shule kwa mashine namba mbili. Ni haki yake, cheti anacho. Nikarudi kibandani niitazame tu. Nimelifungua tangi na kulitupa, nimefunga jipya kutoka stoo. Nimemwaga oili yote, nimetia mpya. Nimezipapasa nyaya kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kizima moto nimekiweka upande wa kulia, kisha nikakihamishia kushoto, kwa sababu yeye hutumia mkono wa kushoto. Miaka kumi na tisa nimeiwasha mashine ile bila woga, na leo imezimwa, imepoa, nami naiogopa. Ningeichana barua hii, lakini karatasi niliyokuwa nayo ni hii tu. Nimeshaikagua mashine mara tatu. Hata hivyo, tafadhali, kesho mtu asimruhusu kuvuta ile kamba mpaka aikague yeye mwenyewe, taratibu, vilevile anavyonikagulia mimi kila asubuhi.