Pikapu Iliyokataa Kumpeleka Mzee Nyumbani

Leo nimeaibika mbele ya jeneza, jamani.

Mnamkumbuka Mzee Okoth, fundi wa magari aliyenifundisha kazi pale Homa Bay? Leo tulikuwa tunamzika kwao Magunga. Familia ilitaka kukodi gari, nikakataa. Nilitaka mwanafunzi wake ndiye amfikishe, kwa pikapu yangu. (Kiherehere kitaniua.)

Jana pedeli ya breki ilikuwa inaenda chini sana. Nikakaza breki za nyuma. Nikazikaza tena, kwa heshima ya marehemu. Kisha nikakimbilia kupiga suti pasi.

Asubuhi tukatoka mochari, jeneza nyuma, ndugu wamelizunguka, mjane kando yangu. Gari likawa linavuta kwa shida. Nikasema ni mlima. Mlima ukaisha. Nikasema ni upepo.

Kabla ya Magunga likagoma kabisa. Harufu ya kuungua! Moshi kwenye gurudumu la nyuma!

Mdogo wake marehemu akavua kofia. "Huyu amekataa kwenda," akasema. "Kuna kitu kinamuuma."

Kwetu maiti akikataa safari lazima abembelezwe. Akashika jeneza: "Owadwa, wadhi dala. Ndugu yangu, twende nyumbani. Kama kuna mtu amekukosea, msamehe."

Kina mama wakaanza kulia upya. Mimi nilijua ni breki. Nilijua vizuri sana. Nikainamisha kichwa, nikasema, "Ni kweli. Mzee amekataa." (Mungu ananiona.)

Kila mtu akaomba msamaha. Shemeji wa marehemu hata akakiri kwamba seti ya spana za Mzee iliyopotea zamani iko kwake.

Mjane akashuka polepole na kitambaa chake cheusi, akainama, akasogeza kiganja karibu na gurudumu. Akaniangalia.

"Odhiambo. Ulikaza breki?"

"Ndiyo, Mama."

"Ukimaliza, uliinua gurudumu ukazungusha na mkono?"

Hilo ndilo swali Mzee aliniuliza kila siku kwa miaka saba. Zungusha na mkono, likikataa, legeza. Mama alikuwa analisikia kila akituletea chai.

"Hapana, Mama."

"Basi mume wangu hajakataa kwenda nyumbani. Ni wewe umemfunga. Toa jeki."

Nikalala chini ya gari na suti yangu. Nikalegeza. Nikazungusha gurudumu kwa mkono, waombolezaji wote wakiangalia. Likazunguka. Hapo ndipo nililia kweli, kwa sababu hakuna aliyeniambia, kama Mzee alivyozoea, "sawa, kijana."

Kwenye mazishi nikaitwa kuzungumza kama mwanafunzi wake. Karatasi yangu ilianza hivi: "Sijasahau hata neno moja alilonifundisha." Nikairudisha mfukoni. Nikageukia jeneza nikasema tu, "Mzee, nimezungusha."

Mama akacheka, na yeye ana haki. Nyinyi wengine, tafadhali, hebu heshimuni msiba.