Mwanao Amesema Gari Langu Lina Kiu

Kwako Mzee mwenzangu, baba wa Daktari wa Meno,

Salamu nyingi. Hapa nyumbani wote hawajambo, isipokuwa mimi. Nakuandikia kwa heshima na taadhima kukuomba uivunje posa ya mwanao kwa binti yangu, kabla sijaivunja mimi kwa ghadhabu. Sababu ni hizi:

1. Jumapili mwanao alikuja kujitambulisha. Alikuwa nadhifu, viatu vinang'aa hata paka wetu akajitazama. Nikamwonyesha gari langu. Huenda hujui, injini yake haina pistoni. Ndani kuna chuma cha pembe tatu kinachozunguka, na mtaa mzima ninalo mimi tu. Nikamweleza ninachowaeleza wageni wote, kwamba tangu nilinunue halijawahi kula oili hata tone. Wageni wenye adabu husema, "Hongera, mzee." Yeye aliinama nyuma ya ekzosi, akanusa, kisha akasema kwa sauti ile ya kumwambia mtu gego limeoza, "Pole, baba. Hiyo ndiyo dalili yenyewe."

2. Eti injini ya namna hii lazima ile oili kidogo! Eti kuna pampu ya kupimia oili, inayodondosha kidogo kidogo ndani kila ukikanyaga mafuta, ili vyuma visisagane vikavu. Yangu haili kwa sababu pampu imekufa. Gari lina kiu. Kwa hiyo, Mzee mwenzangu, sifa yangu ya miaka yote hii kumbe ni ugonjwa. Na aliyasema haya mbele ya shemeji yangu, ambaye gari lake linakula oili na nimekuwa nikimcheka.

3. Binti yangu, badala ya kumtetea baba yake, alimletea mwanao mto wa kulalia chini ya gari. Ulikuwa mto wangu.

4. Mwanao akaomba chupa ya oili, akaimimina kwenye tangi la petroli! Eti ni ya kuilinda injini wakati wa kupima. Nimeishi nikaona mengi, lakini sijaona mtu akitia oili kwenye petroli ya baba mkwe huku anatabasamu. Kisha akachomoa vijipaipu viwili vya pampu, akavielekeza kwenye vikombe vya wageni tuone kama oili itadondoka, injini ikawashwa, akamwomba mama watoto akanyage mafuta. Si mimi. Mke wangu, ambaye sijawahi kumruhusu hata kulipangusa vumbi gari lile, alikaa kwenye kiti changu, akakanyaga, akacheka. Vikombe vikabaki vikavu kama koo langu.

5. Mwisho akasema kijiwenzo cha pampu, kile kinachovutwa na pedali, kimeganda kwa uchafu. Akaifungua pampu, akaifunga kwenye leso, akaondoka nayo kwenda kuisafisha kwa vile vyuma vyake vya kuchokonolea meno. Mtu aliyekuja kuomba binti akaondoka na pampu! Je, akipewa binti, ataondoka na nini? Paa?

Fikiri mwenyewe. Gari lilikuwa halinisumbui, naye akasema kutonisumbua ndiko ubovu. Kesho binti yangu akikaa kimya kwa amani ndani ya nyumba yake, si atamlaza chini amkague? Namwachia meno. Meno yana wenyewe, wanampelekea kwa miguu yao.

Nisalimie mama, mashangazi, na babu ambaye nasikia bado anatafuna mifupa.

Wako mwenye majonzi,
Baba wa Binti

N.B. Kabla sijafunga bahasha, mwanao ameingia uani na pampu inameremeta. Nimemmulikia tochi akiirudisha garini, kwa kuwa hakukuwa na mwingine. Mama watoto alikwisha kukaa kwenye usukani. Oili imetoka, Mzee mwenzangu, tone baada ya tone, vijipaipu vyote viwili. Mwanao akanishika bega akasema, "Baba, limepona," nami nikatokwa na machozi. Sababu ni moshi. Tafadhali ipuuze barua yote hii, na arusi ifanyike upesi, wapate nyumba jirani na yetu. Na ikitokea binti yangu akabadili mawazo, hayo ni yake. Mimi nimekwisha kukubali.