Bwana Shauri Aliyehukumu Usiku wa Manane

Jumatatu, 5 Machi 1973
Theluji tena. Ufadhili wangu unakwisha mwezi ujao. Bila kazi narudi Bukoba, huku Leokadia akibaki Stockholm na masomo yake ya uuguzi. Na Kariuki. Huyo Mkenya ana gitaa, na anajua kulipiga. Lakini Mungu hamtupi mja wake! Bi Gunvor, mwalimu mstaafu anayetuendeshea mikutano ya jioni sisi wanafunzi wa kigeni, anatafuta msaidizi wa kukusanya maandishi ya mwanzo, ya walioshuhudia wenyewe, kuhusu maisha na serikali katika koloni la Mwingereza. Atakayeleta andiko bora Jumamosi, kazi ni yake. Kariuki anasema atajaribu. Ajaribu!

Jumanne, 6 Machi
Andiko sina. Basi nitalitunga. Shajara ya Bwana Shauri, yule ofisa Mwingereza wa wilaya, Bukoba, mwaka 1921, kwa Kiingereza chenye manung'uniko mengi. Anaamka, analaani mbu, anafungua mahakama, anatoza kodi, anakula, analaani mpishi. Serikali nzima imo humo.

Jumatano, 7 Machi
Siku ya kuzeesha karatasi. Nimezichemsha kwa chai, sufuria ya jiko la wote. Chai ya Kariuki, wa chumba cha pili. Nimeiazima, yeye hajui. Nikazianika juu ya chuma cha kupashia chumba joto. Jirani Mswidi akaja kuuliza kwa upole kama kuna kitu kinaungua. Kilikuwepo. Ukurasa wa kodi. Si neno, moto huongeza umri.

Ijumaa, 9 Machi
Nimemwonyesha Leokadia. Nikasema nimepewa na padri mmoja. Akasoma yote. Akashangaa Mwingereza kukosea tahajia mara mbili, lakini saa za kazi akazisifu: ndivyo hasa alivyosimulia babu yake, aliyekuwa tarishi wa boma. Kisha akaniita kaka Evodius. Kaka! Imeniuma. Ila andiko limepita.

Jumamosi, 10 Machi
Aibu, jamani! Bi Gunvor alisoma kwa sauti mbele ya wote. Bwana Shauri afungua mahakama saa mbili asubuhi. Bwana Shauri ala chakula cha mchana saa saba. Sisi wote wa kwetu tukaitikia kwa vichwa, naam, naam. Bi Gunvor akavua miwani. Akauliza ni serikali gani hiyo iliyohukumu watu usiku wa manane, ikala chakula cha mchana jua likizama.

Nimempa Mwingereza saa zetu! Mbili yetu ya asubuhi, watu wako kazini. Mbili yake ya asubuhi, fisi ndio wako kazini.

Nikasema ni kwa sababu ya joto. Kariuki alicheka mpaka akaanguka kitini. Kwa kubabaika nikaropoka ya bibi yangu: siku ya kodi alimficha babu kwenye shimo la kuivishia ndizi za pombe, akakaa juu ya majani akichambua maharage, hadi karani akachoka kungoja akaondoka. Babu akatoka ananuka pombe ambayo hakunywa. Bi Gunvor akashika kalamu. Akasema hilo ndilo analolitafuta. Nimwandikie hilo hilo kesho, na kazi ni yangu. Leokadia akanitazama, na safari hii hakuniita kaka.

Lakini ombi hilo la Bi Gunvor ni dhihaka tupu. Mimi si mtoto wa kuandikishwa hadithi za bibi.

Jumapili, 11 Machi
Sikuandika. Kariuki kapeleka kurasa nne za nyanya yake na askari wa kodi. Kazi kapata. Leokadia kapanda treni mpaka huku kwetu Sundbyberg kuja kumpongeza Kariuki, na keki mkononi. Keki ameoka mwenyewe. Nimekaa dirishani nikaiangalia theluji, roho inaniuma kweli kweli.

Nani asome habari za nyanya ya mtu?

Lakini kosa langu nimelijua. Nilichagua mkoloni mchanga mno. Kabla ya Mwingereza alikuwepo Mjerumani! Kijerumani sikijui, lakini Bi Gunvor naye sijamsikia akikisema. Saa sitataja hata moja. Na kwa kuwa Mjerumani ni wa zamani zaidi, chai haitatosha.

Nimebandika kahawa.